Nguzo ya Kona

Haya yaliikuta nyumba ya shangazi yangu Laurence, kule Mwamkulu. Alinisimulia mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua zuri. Mumewe Onesphore na shemeji yake Damiano walikuwa wanabadilisha nguzo za uzio wa zizi. Mchwa walikuwa wamezimaliza, ukisukuma kidogo tu zinakatika. Redio inaimba, shangazi anachambua maharage kivulini.

Nguzo moja tu, ya kwenye kona, mchwa hawakuigusa. Waliikuta hapo waliponunua kiwanja.

Jirani yao, Mama Verdiana, alikuja akasimama ng'ambo ya seng'enge.

"Baba, hiyo iacheni," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyeisimika hakusimika mti tu."

Onesphore akacheka. "Mama, sisi watu wa kanisa."

Waliichimba mpaka mashati yakalowa. Ilipong'oka, mwisho wake wa chini ulikuwa mbichi, unatoa maji mekundu. Damiano aliugusa, akarudisha mkono haraka.

"Kaka, ina joto."

"Itafaa kuni," Onesphore akajibu, akachukua shoka.

Pigo la kwanza. Damiano alikuwa ameshaenda upande wa pili wa zizi kukunja waya. Alipiga yowe, akaanguka. Shangazi akadhani ni nyoka. Alipomfikia, ugoko ulikuwa umepasuka na mfupa mweupe uko nje. Hakuna chuma kilichomgusa.

"Baba Emelyne, acha!" shangazi akamlilia mumewe. "Unamkata mdogo wako!"

Pigo la pili. Nyama ikafunguka chini ya goti. Damu ikamrukia shangazi usoni.

"Siwezi!" Onesphore alikuwa analia. "Mikono si yangu! Nivunje mikono, Laurence!"

Pigo la tatu. Mdomo wa Onesphore unamwita Yesu. Shoka linapanda. Linashuka. Damiano hakupiga kelele tena. Alikuwa anang'ata udongo.

Shangazi akaokota sururu. Akampiga mumewe mkononi. Mfupa ukalia. Shoka halikuanguka.

Akapiga tena. Kiwiko kikageukia nyuma.

Shoka likaanguka.

Redio ilikuwa bado inaimba.

Mama Verdiana ndiye aliyeirudisha nguzo shimoni, peke yake, akashindilia udongo kwa miguu. Siku hizi shangazi na mumewe wanaishi Majengo, kwenye vyumba vya kupanga. Mkono wa Onesphore haukunjiki tena. Damiano alipona, lakini mguu waliukata hospitalini jioni ileile.

Walipomaliza kuukata, daktari alimwita shangazi pembeni. Akamfunulia kipande cha pamba. Ndani yake mlikuwa na msumari wa uzio, umepinda, umeliwa na kutu.

"Mama, huyu aliwahi kuchomwa na msumari utotoni?"

"Hapana. Hajawahi."

Daktari akaugeuza kwenye pamba.

"Nimeutoa ndani ya mfupa," akanong'ona. "Mfupa ulikuwa umeota, umeuzunguka wote. Umekaa mle miaka mingi."