Silinda ya Tatu

Baba yangu, Alphonse, fundi wa magari, hakuweza kulipita gari linalokohoa. Tulikuwa tukienda misa, mama amejifunga kitenge chake kipya, na baba anasimama katikati ya barabara ya Bunia, kichwa ameinamisha, anasikiliza injini ya mtu asiyemjua hata jina. Mama yangu, Martine, alikuwa akisema kwamba siku ya mwisho malaika watapiga tarumbeta, na mume wake ataomba kwanza aiangalie kama haina tatizo. Tulicheka sana nyumbani kwetu, hata miaka ile ya vita. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba hatukuwa watu wa kuona vivuli kila kona.

Asubuhi ile nilikuwa uani nasugua sufuria. Pick-up kuukuu ya jirani yetu Adrien iliposikika mtaani, baba alikuwa tayari amesimama, chai mkononi. Adrien alikuwa akibeba abiria na magunia kati ya Bunia na Marabo. Injini yake ilipiga mara tatu na kuruka moja. Pu, pu, pu, kimya. Pu, pu, pu, kimya. Baba akaweka kikombe chini.

"Silinda moja hailipuki," alisema, amefurahi kama mtu aliyeletewa zawadi.

Adrien hakusalimia. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Baba Alphonse, unisaidie. Muke yangu Charlotte iko na uchungu tangu jana, mutoto amekaa mubaya mu tumbo. Muganga wa hapa amekimbia. Inabaki hospitali ya Nyankunde tu, na hii moteur inakufa kila siku pale ku kidaraja, mbele ya kufika Marabo. Palepale. Akikwama pale na uchungu, atakufa."

Furaha ikamtoka baba. Mtaani kwetu hakukuwa na gari lingine. Yaliyokuwapo yalikuwa yamechukuliwa na wenye bunduki, au yamekwenda na wenyewe Uganda.

Baba alikuwa na njia yake ya kupima, na kila fundi wa pale mjini anaijua. Unaacha injini inanguruma. Unachomoa waya za bugi moja baada ya nyingine, zile bugi zinazowasha petroli ndani ya silinda. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inatetemeka na kulalamika. Ukichomoa ya silinda mgonjwa, hakuna kinachobadilika, kwa sababu ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Akachomoa ya kwanza, injini ikalalamika. Ya pili, ikalalamika. Ya tatu, haikujali.

"Ni huyu," alisema.

Akabadilisha bugi ya tatu na ya kwanza. Ugonjwa ukabaki kwenye tatu. Akabadilisha waya, ukabaki. Akaigusisha bugi kwenye chuma, cheche ikaruka ya buluu, nzuri kabisa. Akaziba tundu kwa kidole gumba huku Adrien akizungusha injini, na pumzi ikakisukuma kidole kwa nguvu. Petroli ilikuwapo, cheche ilikuwapo, pumzi ilikuwapo. Silinda ile haikuwa na sababu yoyote ya kunyamaza.

Kutoka nyumbani kwa Adrien tulimsikia Charlotte akilia. Haikuwa sauti kubwa. Ndiyo iliyotuogopesha.

Baba akachukua bisibisi yake ndefu. Ncha akaiweka kwenye silinda ya tatu, mpini akaubana sikioni. Ndivyo alivyosikiliza maradhi ya ndani kabisa. Nilimtazama. Nilizoea kumwona akitikisa kichwa, akiguna, akitabasamu.

Safari hii hakuguna. Alisimama vile muda mrefu. Kisha akaondoa bisibisi polepole, akaupangusa mpini kwa shati lake.

"Zima," alisema.

Adrien akazima. Baba akamsogelea na kumnong'oneza, lakini nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mule ndani kuna mukono. Mukono unapiga bati. Weye uliacha nani njiani?"

Kwa asiyejua magari yetu, naeleza. Abiria wakiwa nyuma, juu ya mizigo, hawaonani na dereva. Anayetaka kushuka hupiga kibati cha kabini kwa kiganja. Pa, pa, pa. Dereva akisikia, anasimama. Awe na haraka au hasira, anasimama. Dereva asiyesimama hakuna atakayepanda tena gari lake.

Adrien akakaa chini kwenye vumbi.

"Tulikuwa natoka kule Marabo, batu banakimbia," alisema. "Balikuwa nyuma bengi, hata sijui ngapi. Masasi ya bunduki ilikuwa nalia. Pale ku kidaraja gari iliruka. Mama moja akaanguka, iko na mutoto mu mugongo. Batu bakapiga cabine. Nilisikia, Baba Alphonse. Nilisikia muzuri sana."

"Na juu ya nini haukusimama?"

"Nilikanyaga gaz, nikakimbia."

Nilimchukia Adrien pale pale, na nilimwonea huruma pale pale. Sijui hata leo ni kipi kilikuwa kikubwa zaidi. Baba hakumlaani. Alifunga kifuniko cha injini, akanawa mikono.

"Kamata Charlotte, umuweke mu gari. Tutaenda pamoja."

Ya njiani nilisimuliwa na baba, na baba hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Jua lilikuwa kali. Charlotte alilala kwenye kiti, kichwa chake kwenye mapaja ya baba, Adrien akiendesha. Nyuma hakukuwa na kitu, wala gunia wala mtu. Walikwenda hivyo hivyo, pu, pu, pu, kimya, mpaka barabara ikaanza kushuka kuelekea kidaraja. Charlotte akauma kitenge chake.

Kwenye mbao za kwanza injini ikafa.

Adrien akawasha. Haikuitika. Akawasha tena. Hakuna. Chini ya daraja maji yalikuwa yanapita. Hakuna ndege aliyelia.

Kisha kibati kikapigwa. Juu ya vichwa vyao. Pa, pa, pa.

Charlotte akafungua macho. "Adrien," alinong'ona, "kuna mutu anataka kushuka."

"Hapana," Adrien alisema, machozi yanamtoka. "Anataka kupanda."

"Basi shuka, mwambie apande," baba akamwambia. "Ni gari yako."

Adrien hakuweza. Mikono yake ilikuwa imeganda kwenye usukani. Charlotte akashikwa na uchungu mwingine, na safari hii damu ikaonekana kwenye kiti. Baba alisema hakufikiri. Alifungua mlango, akashuka, akaenda nyuma, akafungua kibao cha nyuma wanapopandia abiria. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na barabara nyeupe tu, na jua.

Baba yangu alikuwa na adabu zake, na kwa kila mteja aliyekanyaga ua wetu alisema maneno yaleyale. Basi na pale yakamtoka.

"Panda, mama. Karibu. Weye uko mugeni yangu."

Gari likabonyea. Vyuma vya chini vikalia, nyuma ikainama kama inavyoinama mtu akipanda. Kidogo tu. Uzito wa mwanamke. Kisha, juu yake, uzito mwingine mdogo.

Baba akafunga kibao. Hakuangalia tena.

Injini ikawaka mara moja. Pu, pu, pu, pu. Zote nne. Baba alisema hajapata kusikia injini nzuri hivyo maisha yake yote, na alitamani ikohoe.

Charlotte alipasuliwa Nyankunde jioni ile, akapona, na mtoto akalia. Mvulana. Adrien alipiga magoti nje ya wodi, akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wakatoka kumtazama. Baba hakushangilia. Alikuwa amebaki kando ya pick-up, anaitazama. Walikuwa wamefika, walikuwa wamesimama, na hakuna aliyepiga kibati. Nyuma ya gari ilikuwa bado imeinama.

Asubuhi yake walirudi wawili, Charlotte akabaki kitandani. Wakapita Marabo. Kimya. Wakapita kidaraja. Kimya. Waliingia Bunia, na Adrien akaanza kunong'ona, "Baba Alphonse, atashuka wapi? Atashuka wapi?" Nadhani baba alikuwa ameshajua. Kwetu mgeni hashuki kwa dereva. Anashuka kwa aliyemkaribisha.

Hii niliiona mwenyewe. Nilikuwa langoni. Niliona pick-up inakuja mtaani, nyuma tupu, imeinama. Ilipofika mbele yetu nikasikia kibati kikipigwa, pa, pa, pa, na hakukuwa na mkono. Adrien akakanyaga breki. Baba akashuka, akazunguka, akafungua kibao, akasimama pembeni kama mtu anayempisha mkubwa. Gari likainuka.

Upepo baridi ulinipita begani kuelekea ndani.

Mama akatoka jikoni amebeba maji ya kunawa. Akamtazama baba, akatazama ua, akageuka nyuma yake.

"Na yule mama mwenye mutoto," alisema, "amepita wapi? Nimemukaribisha kiti."

Adrien aliondoa gari, na hakuingia tena uani kwetu mpaka walipohama.

Siku iliyofuata tuliona alama ukutani karibu na mlango, kwenye chokaa nyeupe. Kiganja cheusi, cha oili. Kidogo sana, chini kabisa, pale anaposhika mtoto anayejifunza kusimama. Mama aliisugua kwa sabuni. Tukapaka chokaa. Mwaka uliofuata ilirudi, juu kidogo. Tukapaka. Ikarudi, juu kidogo tena, vidole vimerefuka. Baba aliacha kupaka. Jioni alikuwa anaweka kigoda chake karibu na ule ukuta na kukaa tu, na siku moja nilimsikia akiueleza jinsi ya kupima bugi.

Baba tulimzika zamani sasa. Vifaa vyake niliviuza, na tangu hapo hakuna gari lililoingia ua huu. Juzi nilikuwa nafagia mlangoni nikaona alama iko usawa wa bega langu. Niliogopa, lakini nilichoka pia kuogopa. Nikaweka kiganja changu juu yake. Vililingana kidole kwa kidole.

Nilipoondoa mkono, ulikuwa umejaa oili mbichi.