Ndiyo ya Kila Ijumaa

Kila akitoka shule, Kasuku alipitia kwa Mama Zulia, jirani yao aliyehamia pale mwaka huo, aliyekuwa akitengeneza mazulia yaliyotoboka. Jina la Kasuku alibandikwa na baba yake, kwa kuwa hakuna neno lililompita bila kulirudia. Huku akimchambulia jirani nyuzi, alijifunza kwake Kiajemi, lugha ya marehemu mama yake. Bibi yake mzaa mama aliishi mbali, alipiga simu kila Ijumaa, na hakujua lugha nyingine.

"Leo tuna sentensi za mambo ambayo hayakutokea," alisema Mama Zulia. "Kama ungalifika mapema, ungalinikuta. Maana yake?"

"Nilichelewa, sikukukuta."

"Haswa!"

Kasuku akacheka. "Mbona bibi husema hivyo kila Ijumaa! Moja nimeikariri." Akaitamka yote kwa Kiajemi bila kukosea.

Sindano ya Mama Zulia ikasimama. "Mwanangu, unaielewa hiyo?"

"Nusunusu."

"Anasema, 'Kama nisingalimtuma mama yako dukani siku ile, gari lisingalimgonga. Angalikuwa hai.' Nawe huwa unamjibu nini?"

Kila Ijumaa Kasuku alijibu kwa furaha, "Ndiyo, bibi." Na kila mara bibi alikuwa akiaga papo hapo. Kumbe alikuwa akimtonesha bibi kidonda bila kujua! Alilia mpaka kamasi zikamtoka.

Nyumbani alimsimulia baba yake, fundi viatu. Baba aliweka chini kiatu alichokuwa akikishona.

"Siku ile bibi yako alikuwa mgeni wetu. Alimwagiza mama yako sabuni, ni kweli. Lakini mama yako alikuwa ameshavaa viatu, anakwenda dukani kuninunulia uzi."

"Baba! Hukumwambia bibi?"

"Ningemwambia kwa lugha gani? Aliyekuwa akitutafsiria ndiye tuliyemzika." Akageuza uso ukutani.

Ijumaa simu ilipolia, Kasuku alikuwa ameketi karibu na Mama Zulia. Bibi akaisema sentensi yake.

"Hapana, bibi," Kasuku alijibu kwa Kiajemi. "Nilikuwa sielewi, nikawa nasema ndiyo tu. Nisamehe. Hata kama usingalimtuma, angalikwenda. Alikuwa ameshavaa viatu. Baba alimwona."

Bibi akaangua kilio.

"Sema tena, mjukuu wangu."

Kasuku akarudia, na safari hii kila neno alilijua.

Simu ilipokatika, Mama Zulia alimfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Kutoelewa si aibu, mwanangu. Uliza, hata mara kumi. Ukijifanya umeelewa, unaweza kumuumiza mtu na usijue."

"Kama ningaliuliza mapema," alisema Kasuku, "bibi asingalilia miaka yote hii."

Mama Zulia hakuisahihisha sentensi ile. Alimvuta karibu, akamkumbatia.