Mwito wa Pili

"Dada! Dada wa kitenge cha njano!"

Epifania alisikia vizuri sana. Soko la Kibondo lilikuwa limefurika, wauza mihogo wanashindana na spika ya muuza dawa ya panya, lakini sauti ile ilimfikia kama imesemwa sikioni. Hakugeuka. Aliendelea kukunja vitenge vyake, shingo imesimama, mpaka alipoitwa tena.

"Wewe dada! Utagongwa na toroli!"

Hapo ndipo alipogeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, viatu vimekwisha kuwa vyekundu kwa vumbi. Alikuwa anasukuma toroli lililojaa kompyuta.

"Kumbe unasikia," kijana alisema, jasho likimtiririka. "Nikajisemea, kiziwi mzuri namna hii, kweli dunia haina huruma."

"Nasikia sana. Ila siitiki kwa kila mpita njia."

"Mimi si mpita njia. Ni mwalimu Elisante, natokea Same. Tunafungua darasa la kompyuta kwa kina mama na watoto, kwenye ukumbi hapo nyuma ya soko. Ni bure."

"Bure ya siku hizi huishia kwenye mchango."

"Njoo Jumatatu. Nikikudai hata senti, unizomee sokoni."

Jumatatu Epifania alikwenda, amevaa gauni lake la bluu la kanisani, na tusimsingizie kwamba alifuata kompyuta peke yake.

Darasa lilijaa. Wengi wa wale wanawake walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa wadogo, wakikimbia mauaji. Baadaye wakapata uraia, wakalima, wakafanya biashara, na habari za kule wakazinyamazia. Watoto wao walifundishwa kuchora kwenye kompyuta, na karibu kila mmoja alichora nyumba yenye mlango wa nyuma mkubwa kuliko wa mbele. Elisante aliona, akafikiri ni utoto.

Kompyuta zenyewe zilikuwa zimetumika kwanza katika darasa la kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa, nyingine zililetwa Kibondo, nyingine zikapelekwa Kasulu. Ile ya dirishani Elisante aliiwekea programu ya kupiga simu ya video, ili siku moja madarasa ya Kibondo na Kasulu yaonane.

Alasiri moja ukungu ulishuka kutoka milimani mpaka ukagusa vioo vya madirisha. Watoto walikuwa wanachora. Ile kompyuta ya dirishani ikalia kama simu, na maneno yakatokea kwenye kioo chake: Darasa la Mtendeli linapiga.

Elisante alicheka. "Mtendeli gani tena? Kule paa zimeng'olewa, umeme umekatwa." Akanyoosha mkono apokee.

Epifania alimdaka mkono. "Usipokee."

"Kwa nini?"

Alipotazama nyuma, wanawake wote walikuwa wameweka mikono mapajani, macho chini. Watoto nao walikuwa kimya. Hata bibi Winifrida, ambaye domo lake lilikuwa halifungi tangu asubuhi, alikuwa ameuma pindo la khanga yake. Mlio ukaendelea, ukafa. Wakasubiri. Haukurudia. Ndipo Winifrida alipokohoa, na vidole vikarudi kwenye vibonyezo kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mnaogopa kompyuta?" Elisante aliuliza, akijaribu kutania.

"Mwalimu, endelea kufundisha," alisema Winifrida.

Mkono wa Epifania ulikuwa bado umeshika wake. Wote wawili walijua, na hakuna aliyeharakisha kuachia.

Elisante hakuambiwa sababu, kwa kuwa mambo hayo hawakumsimulia mgeni. Usiku ule kule Burundi, watu walikuja mpaka kwenye ua na majina mdomoni. Waliita mara moja tu, kwa upole, kama jirani anayeomba moto. Baba yake Epifania aliitika kwa Kirundi, "Karame," kama anavyoitika mtu mwenye adabu, akatoka. Jeanne, mkewe, alimziba mtoto mdomo, wakapitia mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo, katika nyumba yao ya Kitahana, jirani na Kibondo, na nyumba za wote waliokimbia pamoja nao, mwito wa kwanza hauitikiwi. Mwenye shida ya kweli ataita tena.

Mapenzi yao yalikolea kwenye simu. Elisante akipiga, inalia mpaka inakatika. Akipiga tena, inapokelewa.

"Kwani ya kwanza ina ugonjwa gani, mpenzi?"

"Nataka uitamani kwanza sauti yangu."

"Utaniua kwa presha!"

"Hufi. Wapare mna roho ngumu."

Alimtania hivyo kwa sababu kusema kweli kungemlazimu amsimulie usiku wa baba yake, na hilo hakuwahi kuliweka mdomoni. Alikuwa anampenda, tena sana, na ndiyo maana alitaka kwake abaki msichana wa kitenge cha njano tu, asiyekuwa na kaburi nyuma yake.

Kisha Elisante akahamishiwa Kasulu kufungua darasa la pili. Stendi, mbele ya watu, alimshika mabega.

"Sikiliza, Epifania. Jumapili baada ya misa nitapiga. Ukipokea, ni ndiyo. Nitamleta mjomba Obedi kwa mama yako. Usipopokea, nimeelewa, wala sitakusumbua."

"Utapiga tena."

"Hapana. Safari hii usinitanie. Nitapiga mara moja."

Elisante alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Epifania alifungua kinywa amweleze. Basi likapiga honi.

Jumapili alikaa uani, simu kwenye magoti, mama yake akichambua maharage kando. Simu ikalia. Jina la Elisante likawaka. Kidole chake kilikuwa juu ya kile kitufe cha kijani, nusu ya ukucha tu, na hakikushuka. Alisikia harufu ya majani mabichi na moshi, akahisi kiganja cha mama kinywani, ingawa mikono ya mama ilikuwa kwenye ungo. Simu ikanyamaza.

"Atarudia," alisema Jeanne bila kuinua macho.

Hakurudia. Epifania alipopiga yeye, simu ya Elisante ilikuwa imezimwa. Kesho yake vilevile, na wiki nzima. Alilia kwa hasira, akijilaumu kwa kumpoteza mtu aliye hai kwa kumwogopa aliyekufa.

Darasa la Kibondo aliachiwa yeye, akawafundisha watoto mahali pa Elisante. Na alasiri, ukungu ukishuka, Mtendeli ilipiga. Mara moja, ikanyamaza. Siku nyingine tena. Winifrida alipendekeza kompyuta ile itolewe, Epifania akakataa. Alikuwa ameanza kuungoja ule mlio, na jambo hilo lilimtisha kuliko mlio wenyewe.

Mpaka siku ile ilipolia, ikanyamaza, ikalia tena.

Bibi Winifrida aliangusha kiti. Watoto walikimbilia mlangoni. Epifania alisogea, akapokea.

Kioo kilikuwa cheusi. Kisha kikaonyesha chumba chenye giza na kiti kitupu. Kisha mtu akainama mbele ya kamera, ndevu hazijanyolewa.

"Epifania?"

"Elisante! Uko wapi?"

"Kasulu, darasani. Nilitaka kuongea na darasa tu, naapa sikujua ungekuwa wewe. Hapana, naongopa. Nilijua. Simu niliizima kwa kiburi, nikaona aibu kuiwasha. Nimepiga sasa hivi, kimya. Nikaanza kufunga, nikakumbuka hujawahi kupokea ya kwanza. Hata sokoni uligeuka nilipokuita mara ya pili. Epifania, ile haikuwa utani, sivyo?"

"Haikuwa utani."

Akamwambia. Yote, mbele ya wanawake wote, na wao hawakumkatiza. Elisante alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimshuka.

"Ningepiga hata mara mia," alisema. "Mpumbavu mimi."

"Kwenye kioo inaandika Mtendeli," Epifania alisema akijifuta uso. "Ni wewe uliyekuwa unatupigia alasiri zote hizi?"

"Alasiri zipi? Jina hilo ni la zamani, sijalibadilisha, lakini hizi kompyuta zilikuwa kwenye maboksi stoo tangu zitoke Mtendeli. Nimezifungua leo asubuhi."

Bibi Winifrida alifanya ishara ya msalaba.

"Epifania," Elisante aliita taratibu. Akangoja. "Epifania."

Neno lilimtoka ambalo hakuwahi kulitamka tangu utoto. "Karame."

"Nikuoe?"

"Njoo na mjomba wako."

Walikuja Kitahana Jumamosi, mchana, jua limewaka na migomba imetulia. Ndani, Epifania alikuwa amekaa na mama yake, kitenge cha njano kimepigwa pasi. Wakasikia hodi, ya chini, ya upole, upande wa nyuma. Jeanne akamshika mkono. Wakanyamaza. Ikaja ya pili, mlango wa mbele, na Epifania akakimbia kufungua.

Mjomba Obedi alikuwa amekunja uso kwa jua. Elisante alikuwa bado ameinua mkono, ameshangaa.

"Leo mmefungua ya kwanza!"

"Ya pili," alisema Epifania.

"Mpenzi, nimepiga moja tu. Mjomba shahidi."

"Moja," alisema mjomba Obedi. "Tena tumeingilia hapa hapa mbele."

Jeanne alisimama katikati ya sebule. Epifania aliogopa angefunga mlango, awarudishe wageni na posa yao. Badala yake mama alikwenda nyuma. Walimsikia akivuta komeo lililokuwa halivutwi mchana wala usiku, akaufungua ule mlango wazi kabisa, mwanga ukaingia mpaka kwenye mkeka. Aliporudi alikuwa amebeba kiti kimoja zaidi. Akakiweka kando ya chake, akakipangusa kwa ncha ya khanga.

"Karibuni mkae," aliwaambia. "Baba yake ameshafika."