Msitu Ndani ya Katoni

Kila akitoka shule, Sagesse hufagia vipande vya vitenge chini ya cherehani ya mama yake, Mama Agnès, katika fleti yao ya Doornfontein, jijini Johannesburg. Wiki hiyo hakuvitupa. Mwalimu Nomsa alikuwa amewaagiza wanafunzi watengeneze makazi ya mnyama wa msituni ndani ya katoni, na kazi bora ingeonyeshwa Jumamosi mbele ya wazazi wote. Sagesse alichagua kulungu wa Amerika mwenye mkia mweupe. Aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona.

"Msitu? Mie nilikulia Ituri, kule Kongo, msitu ninaujua!" mama yake alijigamba. Basi wakashona miti mirefu ya kitenge cha kijani, ikabanana hadi kulungu wao wa kitambaa akaonekana pembe tu. Ilipendeza kwelikweli.

Alhamisi, Sagesse alifungua kitabu cha maktaba ili anakili jina la mnyama wake vizuri. Alichokisoma kilimvunja nguvu. Kulungu huyo hupenda kukaa ukingoni mwa msitu, penye mwanga, kwa sababu hula machipukizi na vichaka anavyovifikia kwa mdomo. Chini ya miti mirefu iliyobanana, penye giza, chakula chake ni haba.

"Kulungu wangu atakufa njaa," alimwambia rafiki yake Brighton.

"Eish, nani atajua? Iache hivyohivyo, ni nzuri sana!"

"Mimi najua," Sagesse akajibu.

Nyumbani alishika mkasi, kisha akauweka chini. Mama yake alikuwa ameacha nguo za wateja ili amsaidie, sasa amwambie nini? Aliona haya. Hata hivyo alimwambia yote, hata kwamba alianza kazi kabla ya kusoma.

Mama Agnès akacheka. "Kumbe nilipeleka Ituri yangu Amerika! Sasa utafanya nini?"

"Nitakata miti, mama. Nitashona vichaka mwenyewe."

Alikata mti mmoja baada ya mwingine. Sindano ilimchoma, uzi ukakatika, naye hakuacha mpaka kulungu akapata kichaka cha kula na mwanga wa kutosha.

Kesho yake alimweleza Mwalimu Nomsa kosa lake pia, bila kuficha. Kazi yake ndiyo iliyochaguliwa.

Jumamosi mzazi mmoja aliuliza, "Mbona msitu huu una miti michache?"

Sagesse alimweleza vizuri. Mama Agnès alimshika bega, akasema, "Mwanangu, mshono ukikosea, haufichwi kwa pasi. Unafumuliwa, unashonwa tena."