Marehemu Anaomba Kura

Jumamosi, saa mbili asubuhi. Kibiti.

Chumba cha nyuma cha banda la chipsi kilinuka mafuta ya wiki iliyopita. Mezani palikuwa na kuku mzima na mashine ya kupigia kura. Mheshimiwa, mgombea mwenyewe, alikuwa anamalizia kuku. Mashine ilikuwa inasubiri zamu yake.

"Uchaguzi kesho," alisema Mudrick, kiongozi wa genge, mtu wa Dar, miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. "Mashine ya visiwani inavuka leo na boti ya Mfaume. Hii hapa ni pacha wake. Kura tumeshamjaza tumboni. Mfaume anazima injini katikati ya mikoko, tunabadilisha, mchezo kwisha."

Mfaume, nahodha, alikuwa ameegemea ukuta. "Na kufuli lake?"

Mudrick akatoa kifunguo chembamba. "Cha friji la soda. Nimekiazima hapo mbele." Akakichomeka, akazungusha. Mlango ukafunguka bila hata kulia.

Mwezi mzima watu walikuwa wanaimbiwa kwamba mashine haiibiki, haidanganyiki. Kumbe ulinzi wake na wa soda ya nanasi ni mmoja.

Mheshimiwa akalamba kidole, akabonyeza. "Karibu," mashine ikasema kwa sauti ya mwanamke mpole. Ilifundishwa kuzungumza kwa ajili ya wasiojua kusoma. "Chagua mgombea wako." Akaigusa picha yake, mashine ikamtaja jina. Akacheka mpaka tumbo likacheza. Akabonyeza tena. Na tena. Mafuta ya kuku yakabaki juu ya sura yake mwenyewe, kama njia aliyopita konokono.

Hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Itavuka ndani ya jeneza," Mudrick akaendelea. "Maiti ya Mzee Tahiri, Mmatumbi, anapelekwa kuzikwa kwao mkewe. Njagu gani, polisi gani atafunua maiti? Mjane wetu huyo hapo."

Kuruthumu, mdogo wake Mfaume, alikuwa ameshajifunga kaniki na analia kwa majaribio. Mheshimiwa alikuwa amemwahidi kazi ya ofisini. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa kinaliwa na mende kabatini.

"Mimi sharti langu mnalijua," Mfaume akasema. "Mdogo wangu leo analala nyumbani. Bila pingu."

"Wallahi," Mudrick akasema, haraka mno.

"Na kitu kingine, bosi. Mmatumbi akifa, pale Nyamisati ana watani."

"Watani si watu wa kucheka tu? Waache wacheke."

Mfaume akaacha kumweleza kwamba mtani msibani ana ruhusa ya kufanya lolote. Mtu wa Dar anajua kila kitu, hata msiba wa watu.

Saa sita kasoro. Nyamisati.

Kigari cha kirikuu kiliposimama tu, wanaume wakalikimbilia jeneza. Kumbeba maiti ni thawabu, na thawabu haiulizi jina.

"Mzito huyu," mmoja akaguna.

"Alikula vizuri," Mudrick akajibu.

Botini, Maryam, msimamizi wa uchaguzi, alikuwa amekalia sanduku la mashine halisi, lakiri nyekundu ikining'inia. Kando yake askari Yassin alikuwa anatafuna muhogo. Mfaume alishika injini. Jasho lilikuwa linamtambaa mgongoni kama siafu.

Ndipo Bi Zabibu, muuza kaa, akauliza, "Nani kafa?"

"Mzee Tahiri. Mmatumbi."

"Mmatumbi? Jamani, mtani wangu!" Beseni likaruka, kaa wakatawanyika. Mama wa watu akalala chali katikati ya njia. Wenzake nao wakalala ubavuni mwake. "Hapiti mtu! Afe bila kuniaga? Mwekeni chini nimzabe kofi la mwisho!"

"Mama, tafadhali," Mudrick akasema. "Tuna majonzi."

"Majonzi gani hayo ya kuvalia miwani? Chini, nimesema!"

Wabebaji wakacheka, wakaweka jeneza chini. Mtani akidai, hakuna wa kubisha. Bi Zabibu akajiinua, akalikalia kwa uzito wote ambao Mwenyezi Mungu alimjalia.

Ndani kitu kikabonyea.

"Karibu," marehemu akasema.

Wabebaji wakarudi nyuma hatua moja.

"Chagua mgombea wako."

"Toba!" Bi Zabibu akaruka. "Marehemu anaomba kura!"

Nusu ya wabebaji wakaingia kwenye tope mpaka magotini. Yassin akatupa muhogo, akakimbia, akafunua shuka. Mashine ikamtazama, taa yake ya kijani ikipepesa.

Mudrick alikuwa ameshadandia boti. "Washa! Mfaume, washa!"

"Kuruthumu yuko kule."

"Mwache huyo!" Akamgeukia askari, kidole kimenyooka. "Afande! Mzigo ni wa yule mwanamke! Sisi abiria tu!"

Mfaume akamtazama. Wallahi ya asubuhi haikuwa imefika hata alasiri. Akachomoa mpira wa mafuta kwenye injini, akautupa majini.

"Haya," akasema. "Sasa tu abiria kweli."

Pingu ilikuwa moja. Yassin akawafunga Mfaume na Mudrick mkono kwa mkono, akampekua Mudrick, akatoa kile kifunguo.

Maryam akasimama juu ya ubao wa boti. "Wananchi, tulieni! Wezi wamekamatwa. Mashine halisi ni hii hapa, haifunguki ovyo."

"Dada," Mfaume akasema, "ijaribu kwa ufunguo wa friji la soda."

Watu wakacheka. Bi Zabibu hakucheka. Akapanda botini, akampokonya Yassin kifunguo, akakata lakiri kwa kisu cha samaki, akazungusha. Mlango ukafunguka.

"Ni tupu!" Maryam akafoka. "Itawaambia yenyewe." Akaiwasha kwa hasira.

"Kura zilizohifadhiwa," mwanamke mpole akasema, "mia nne na kumi." Kisha akamtaja Mheshimiwa.

"Lakini kura si kesho?" Yassin akauliza, bila kujua anamuuliza nani.

Mfaume akaelewa. Mheshimiwa alikuwa amenunua mlango wa mbele na wa nyuma: tume na genge. Hakuwaamini hata wezi wake. Wao walikuwa wametumwa kutoa yai viza na kuweka viza lingine. Akatema mate. Ladha ya mafuta ya chipsi ikabaki palepale.

Maryam alikuwa kwenye simu. "Ndiyo, mkuu. Ndiyo." Akakata. "Itafungwa upya. Safari inaendelea. Na yule mwanamke, kamata."

Mfaume akajirusha. Pingu ikamrudisha kwa Mudrick.

"Unamshika nani wewe?" Bi Zabibu alikuwa ameshamkinga Kuruthumu. "Mjane huyu. Yuko eda. Mkono wa mwanaume haumgusi."

"Mama, mume wake ni mashine!"

"Kwani hukumsikia akisema? Marehemu wangu mimi, mjane wangu mimi."

Kanga ikaruka juu ya Kuruthumu. Ikafuata ya pili. Wanawake wakajaa, wakapiga vigelegele visivyo vya msibani, wakazunguka, wakabadilishana. Yassin alipofunua kanga ya kwanza alikuta bibi kizee asiye na meno, anamchekea.

Chini kulikuwa na kaniki nyeusi. Ndani yake hamkuwa na mtu.

Mfaume akaitazama mpaka macho yakamwuma. Kisha akakaa chini, akamvuta na Mudrick.

"Umetuuza," Mudrick akasema.

"Wewe nani angekununua?"

Mpira wa mafuta ulikuwa umepotea topeni na maji yalikuwa yanakupwa. Watani walilala tena, safari hii mbele ya boti. Taratibu boti ikaegemea ubavu, sanduku likaserereka, mashine halisi ikaangukia matope kifudifudi.

"Hujachagua," ikasema humo kwenye tope. "Tafadhali jaribu tena."

"Kausha wewe," Bi Zabibu akaijibu, huku anaokota kaa wake. "Maiti haisemi."