Santuri ya Marehemu

"Hilo boksi haliondoki hapa!"

Watu waliokuwa wakishuka ngazi za stesheni, kila mmoja na haraka zake, waligeuka. Mwanamke aliyepaza sauti alikuwa amevaa koti jeupe la kazini, miwani imemteleza hadi ncha ya pua. Alikuwa ameng'ang'ania boksi la santuri lililokumbatiwa na mwanamume mrefu mwenye ovaroli la kijivu lililojaa madoa ya grisi.

"Dada, nimeshalinunua," alisema yule mrefu.

"La kaka yangu hilo."

"Basi kamuulize kaka yako..."

"Amefariki."

Mwenye duka la mitumba, pale chini ya ngazi, akajifanya anapangusa redio. Mama wa marehemu ndiye aliyemletea boksi asubuhi ile, akasema hawezi kuendelea kuliona ndani ya nyumba, na mfanyabiashara hakuuliza la pili.

Yule mrefu aliliweka boksi chini. Alikuwa fundi wa lifti, na rafiki zake walimwita Sahani kwa sababu mshahara wake wote uliishia kwenye sahani za santuri. "Chukua, dada. Pole sana. Ila nikuulize, mashine ya kuzipigia unayo?"

Hakuwa nayo. Alikuwa mpima macho, aliyeishi mji mwingine hadi msiba ulipomrudisha, na hakuwahi kugusa santuri maishani mwake. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, boksi likiwa ndilo mshenga.

Kila Jumamosi akitoka kazini alipanda ghorofani kwa Sahani, kwenye chumba chenye rafu hadi darini, kochi moja, na dirisha linalotazama matangi ya maji. Sahani alikuwa amenunua santuri nyingi mwezi ule. Moja ilikuwa ya mpiga kinanda aliyerekodi mvua upande mzima wa kwanza. Nyingine ya vijana watatu waliopiga magitaa gerejini mpaka jirani anasikika akigonga ukuta. Kulikuwa na moja ambayo ni mvumo tu, mrefu, usiopanda wala kushuka. Zote aliziweka kando, akawa anapiga za marehemu, nazo nyingi zilikuwa mivumo ya namna hiyo hiyo.

"Huu nao ni muziki?" mpima macho aliuliza mara ya kwanza. "Mbona kama friji?"

"Friji langu halijui kuhuzunisha hivi, mpenzi."

"Mpenzi? Nani kakuruhusu?"

"Friji."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akalia. Sahani alimshika mkono, akamwacha alie. Uungwana huo alikuwa nao, na mimi sitamnyima.

Santuri moja tu hawakuipiga. Haikuwa na jalada, ilikuwa nzito kuliko zote, na katikati marehemu alikuwa ameandika kwa kalamu: Ya dada. Aliirekodi studio, nakala moja tu, akampigia dada yake simu kumwambia amemwimbia wimbo, atausikia akija nyumbani. Alipokuja, alikuja kuzika.

"Sina sauti yake popote," alimwambia Sahani. "Tulikuwa tukiongea tu, nani alijua? Imebaki hiyo moja. Jumapili ni siku yake ya kuzaliwa, tutaisikiliza pamoja. Usiiguse, laazizi."

"Siigusi."

Aliigusa. Watu wa santuri wana ugonjwa huo, hawawezi kuona vumbi wakatulia. Ijumaa aliipiga mara moja, kujaribu tu, akasikia kijana anaimba nyuma ya mikwaruzo, na mikwaruzo ile ikamkera kwa niaba ya mpenzi wake. Akachanganya maji na spiriti, kama anavyosafisha santuri zake zote, akasugua kwa kitambaa laini. Lakini zake zote ni za plastiki. Ile ya studio, inayochongwa moja moja, ni bati lililopakwa rangi laini, na spiriti huila rangi hiyo. Alilijua hilo! Aliwahi hata kuwaonya wenzake. Kitambaa kilitoka cheusi, na alipoirudisha kwenye mashine ilitoa ngurumo tupu.

Jumamosi simu ya kwanza hakuipokea. Ya pili aliipokea.

"Sahani wangu, mbona umenikaushia?"

"Niko ndani ya lifti, mtandao unasumbua."

"Na kesho?"

"Kesho... sindano ya mashine imevunjika, mpenzi. Tuahirishe."

"Kuna mwanamke hapo?"

"Hakuna mtu."

"Haya, sawa," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaona usawa wowote.

Wivu alikuwa nao, lakini alikuwa pia mtu wa vitendo. Jumapili mchana alisimama mlangoni amevaa gauni la bluu na viatu vya visigino, midomo imekolea rangi, mkononi kipakiti kidogo. "Sindano mpya. Nimezunguka mji mzima. Na kama kuna mwanamke, atoke tusikilize wote."

Hakukuwa na mwanamke. Sahani hakuwa ameoga wala kunyoa. Alijaribu kusema, akashindwa, akaiweka santuri mezani. Ilikuwa imebabuka, mistari imefutika, na bati linaonekana.

"Umefanya nini?"

"Niliisafisha. Nilitaka uisikie vizuri."

"Nilikwambia usiiguse."

"Uliniambia."

"Halafu ukanidanganya sindano."

"Niliogopa utaondoka."

Alimzaba kofi, kisha akampiga ngumi za kifuani mpaka mikono ikachoka, na Sahani hakujikinga. Mpima macho akaufungua mlango. Akasimama pale pale.

"Ulijuaje ni chafu?" aliuliza bila kugeuka. "Uliipiga kwanza."

"Mara moja."

"Kwa hiyo wewe ulimsikia."

"Nilimsikia."

Aliufunga mlango, akaja kuketi. "Imba."

"Mpenzi, mimi sijui kuimba."

"Imba hivyo hivyo."

Sahani akaimba. Ulikuwa wimbo wa mtoto aliyebebewa begi na dada yake njia nzima ya shule. Ubeti mmoja aliukumbuka karibu wote, wa pili nusu, palipobaki alivumisha sauti tu bila maneno. Mpima macho alifumba macho akimtafuta kaka yake ndani ya sauti ile, akamkuta fundi wa lifti.

"Siwezi kukusamehe," alisema.

"Najua."

"Wala siwezi kukuacha. Nikikuacha nimemzika mara ya pili. Unaelewa ulichonifanyia?"

"Naelewa."

"Rudia, kabla hujasahau zaidi."

Akaanza upya. Safari hii neno moja la ubeti wa kwanza likamponyoka, akalitafuta, asilipate, na mpima macho akamwona anavyolitafuta.