Prosesa Isiyokuwemo Kwenye Orodha

Jirani zangu, anayewasimulia haya si mgeni. Nyumba yangu na ya mdarizi zinatazamana, kiasi kwamba akipiga chafya mimi nasema pole bila kuinuka kitini. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine nilishiriki kuyafanya. Kwa hiyo asije mtu akadhani nimekaa hapa kusengenya.

Jumatano ile asubuhi nyumba yao ilikuwa shwari. Mdarizi alikuwa amefungua dirisha la chumba cha mbele, mashine yake ya kudarizi inacharaza, na wanawake wawili wanaomsaidia, mmoja mjane na mwingine binti wa shangazi yake, wanakata nyuzi huku wakitaniana. Walikuwa wakitia nembo ya chuo cha wauguzi kwenye sare nyeupe. Sare zilikuwa mia moja na arobaini, na zilitakiwa Jumamosi asubuhi, siku ya mahafali. Mkuu wa chuo alikuwa amemwambia mdarizi waziwazi kwamba kazi ikitoka safi na kwa wakati, sare zote za chuo, mwaka hadi mwaka, zitakuwa zake. Wale wasaidizi wangepata kazi ya kudumu. Mjane alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba sasa ana ofisi.

Mashine hiyo iliongozwa na kompyuta kongwe, iliyounganishwa nayo kwa waya wenye kichwa kipana ambacho kompyuta za siku hizi hazina pa kukichomeka. Ilikuwa nzito kweli. Ukiiambia ifungue mchoro wa nembo, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Lakini ilifanya kazi, na mdarizi alikuwa ameshaizoea.

Mumewe ni fundi wa pasi, feni na redio. Mikono yake ni mizuri, simnyimi haki yake. Sisi mtaani tulimbandika jina la Profesa, kwa sababu hakuna kitu kilichomshinda, au tuseme hakuna kitu alichokubali kwamba kimemshinda. Alikuwa na kanuni moja ya kazi: kitu kikikaa vizuri kwenye tundu lake, kimekubali. Kwa pasi na feni kanuni hiyo haikuwahi kumwangusha.

Siku hiyo aliingia na kifurushi kidogo cha karatasi. Ndani mlikuwa na prosesa, kile kipande cha mraba kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Alikuwa ameinunua kwa muuza vifaa vilivyotumika, akitaka kumfurahisha mke wake. Hilo nalo lisemwe, maana hakukusudia ubaya.

"Mama watoto, leo naiondolea kompyuta yako uzee."

"Baba watoto, si leo. Ngoja Jumamosi ipite."

"Nusu saa tu. Ikienda kasi, Ijumaa unalala mchana."

"Basi muulize mdogo wangu kwanza. Si ndiyo kazi yake?"

Mdogo wake mdarizi hutengeneza kompyuta katika ofisi moja mjini. Profesa akanuna. Mwezi uliopita shemeji huyo alikuwa amemsahihisha mbele ya wageni, na jambo lile lilikuwa halijamshuka kooni. Mdarizi hakubishana, alimpigia mdogo wake mwenyewe, akamweleza, kisha akaweka sauti nje.

"Shikamoo, shemeji. Dada kaniambia. Usiiweke kwanza. Fungua kasha utazame ile bodi kubwa ya ndani, ina jina na namba yake. Nisomee. Kila bodi ina orodha ya prosesa inazozikubali, imetolewa na walioitengeneza. Nitaitafuta. Halafu unisomee namba iliyoandikwa juu ya prosesa, nijue inataka wati ngapi, na kama programu ya kuwashia iliyomo ndani ya bodi inaifahamu."

"Shemeji, tundu ni lile lile. Nimelilinganisha."

"Tundu kulingana hakutoshi. Bodi hiyo ni ya zamani. Nipe dakika kumi tu."

"Haya, nitakupigia."

Hakupiga. Alikata simu, akachukua bisibisi.

Mimi nilikuwa nimeegemea dirisha lao pamoja na majirani wengine wawili. Ni mimi niliyesema, "Profesa, wewe huulizi, wewe unaulizwa." Watu wakacheka, naye kichwa kikamvimba. Niliona ni utani.

Akang'oa feni, akafuta krimu ya kupozea, akatoa prosesa ya zamani na kuweka mpya. Ilikaa bila kulazimishwa. Akapaka krimu nyingine, akarudisha feni, akawasha. Kwenye kioo cheusi yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza. Yule binti wa shangazi, ambaye darasani hakuwa akisinzia, akainama kuyasoma.

"Shemeji, hapa wanasema prosesa haitambuliki. Na umeme inaoutaka umezidi."

"Hizo ni salamu za kompyuta," akajibu, akabonyeza kitufe cha kuendelea.

Tukacheka tena. Kompyuta ikafunguka upesi, na nembo ikatokea kabla mdarizi hajavuta kiti. Tukapiga makofi. Mdarizi mwenyewe alitabasamu, na tabasamu lile linaniuma mpaka leo.

Kwa muda wa saa moja hivi mambo yalikwenda vizuri. Sare kumi na mbili zilitoka. Ya kumi na tatu ilikuwa bado chini ya sindano tuliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Mashine ikasimama. Profesa akachomoa waya wa umeme, akafungua kasha. Pembeni mwa tundu la prosesa, vile vipande vinavyoilisha umeme vilikuwa vimekuwa vyeusi, na bodi chini yake imebabuka. Akairudisha prosesa ya zamani, akabonyeza. Kimya. Alibonyeza mara nyingi, hata mke wake akamshika mkono aache.

Shemeji aliomba ruhusa kazini akaja mchana. Aliitazama bodi, kisha akauliza kama kilikuwepo kitabu chake. Kilikuwa kwenye kopo la vifungo. Akakifungua katikati, akaweka kidole.

"Tazama, shemeji. Hizi ndizo prosesa inazozijua bodi hii. Yako haimo. Na hapa chini wameandika mwisho ni wati tisini na tano. Yako inataka mia na ishirini na tano."

"Lakini ilikaa," Profesa akasema, kwa sauti ndogo.

"Ilikaa, maana tundu lao ni moja. Ila tangu ulipoiwasha, bodi imekuwa ikibeba mzigo usio wake." Akasogeza kidole juu ya orodha. "Hii ya tatu kwenye orodha ingefaa. Hata kwa huyo aliyekuuzia usingeikosa."

Michoro ilikuwa salama kwenye diski, ila hapakuwa na kompyuta yenye tundu la ule waya mpana. Alhamisi na Ijumaa shemeji alizunguka madukani. Bodi ya aina ile ilipatikana moja, ya kufika Jumatatu. Hawakuwa na budi kudarizi kwa mikono. Mdarizi, wasaidizi wake na mdogo wake walikaa chini na sindano mpaka vidole vikatoka damu. Jumamosi asubuhi sare zenye nembo zilikuwa sabini na mbili.

Mkuu wa chuo alipokuja hakupaza sauti. Alizihesabu, akavua miwani.

"Karibu nusu ya wauguzi wangu watapigwa picha ya mahafali bila nembo. Sina ugomvi na wewe, mama. Lakini sitaweza kurudi."

Wiki iliyofuata mdarizi aliwaita wasaidizi wake akawaambia hana kazi ya kuwapa. Mjane alimaliza kwanza kufagia nyuzi sakafuni, ingawa hakuna aliyemwomba, kisha akaenda zake. Mdarizi alilia alipotoka binti wa shangazi yake. Profesa akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mke wangu."

"Ingeungua kwa bahati mbaya, ningelia tukaendelea," mdarizi akamwambia. "Lakini nilikuomba uulize. Ukaona afadhali kazi yangu iharibike kuliko wewe uonekane hujui mbele ya mdogo wangu."

Bodi ilikuja na ikafanya kazi, lakini wateja walikuwa wamekwisha kusikia. Leo mdarizi anaamka kila siku kwenda kwenye karakana iliyopewa sare za chuo, anadarizi kwa jina la mtu mwingine. Mjane bado anatafuta kazi. Profesa ndiye aliyeniambia, "Wasimulie watu, na usinifiche."

MAFUNZO

Ndugu zangu, anayetaka kubadilisha prosesa ya kompyuta ya zamani asianze na bisibisi, aanze kwa kusoma. Tafuta jina la bodi, tazama orodha ya prosesa inazozikubali, linganisha wati, hakikisha programu yake ya kuwashia inaitambua. Kioo kikikuonya, soma. Kama lugha hujui, mwombe anayeijua akusomee, na akikusomea umsikilize. Tena usishike chombo cha riziki ya mwenzako wakati kazi yake iko katikati.

Lakini kompyuta ndilo jambo dogo hapa. Lililoiangusha nyumba ile ni mtu mzima kuona aibu kumuuliza aliye mdogo kwake. Kuuliza hakumpunguzi mtu kitu. Na sisi tunaosimama madirishani tukiwasifu watu mpaka wanashindwa kusema "sijui," tusijitoe katika lawama. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Nyumba zetu zinatazamana, na miezi yote hii sijavuka njia kumwomba mdarizi msamaha. Leo akirudi kazini, nakwenda.